Gauti inakuja ghafla usiku halafu inaondoka yenyewe, sasa nani anaizima?

Yeyote aliyewahi kukaa nyumba moja na mgonjwa wa gauti anaijua hii. Mzee kalala mzima, kwenye saa nane usiku anaamka dole gumba la mguu linawaka moto, limevimba, limeiva, shuka likigusa tu anaruka. Asubuhi kila mtu ana hukumu yake, ni nyama choma, ni bia, na kusema kweli hawajakosea sana, ila hiyo ni sehemu ndogo ya maelezo. Mi swali linalonivutia ni la mwisho wa kisa. Kwa nini baada ya wiki moja au mbili maumivu yanakwisha hata kama mzee hajameza kidonge? Maana kristali za asidi ya yuriki zilizoleta balaa lote bado zimo kwenye jointi, daktari akivuta maji kwa sindano akayaweka kwenye hadubini bado anaweza kuzikuta, na mgonjwa anatembea zake vizuri tu.

Kwa hiyo kuna kitu kinachowasha na kuna vitu vinavyozima, na vya kuzima ni vingi mno kuliko cha kuwasha.

Cha kuwasha kinaitwa inflamasomu. Jina lilitoka 2002 kwenye maabara ya Jürg Tschopp pale Lausanne, Uswisi, na mwaka 2006 maabara hiyohiyo ikaonyesha kwamba kristali za gauti zinawasha inflamasomu ya aina moja inayoitwa NLRP3. Ni mkusanyiko wa protini ndani ya seli za kinga ya asili, ile kinga unayozaliwa nayo isiyosubiri chanjo wala kukumbuka ugonjwa, na hasa kwenye makrofeji, seli zinazokaa kwenye tishu zikimeza uchafu na vijidudu. Siku za kawaida protini hizi ziko kila moja kivyake. Hatari ikitokea, NLRP3 zinashikana, zinavuta protini nyingine inayoitwa ASC, nazo ASC zinaungana mfululizo mpaka linatokea donge moja, mara nyingi moja tu kwa kila seli, upana wake kama maikromita moja, ukilipaka rangi unaliona kabisa. Donge hilo ndo linaamsha kimeng'enya kaspesi-1, na kaspesi-1 ina visu viwili kwa wakati mmoja, inakata IL-1β, protini ya ujumbe inayoita kinga ije kupigana, iliyokuwa imelala iwe kali pamoja na ndugu yake IL-18, halafu inakata protini nyingine, gasdemini D, ambayo kipande chake kinaenda kwenye utando wa seli na kutoboa matundu. IL-1β inapitia hapo kwenda nje. Mara nyingi seli yenyewe inapasuka na kufa, kifo hicho kinaitwa pairoptosisi.

Sasa shida ya mtambo huu ni kwamba hauna nusu nusu. ASC zikishaanza kuungana kila iliyounganika inageuza jirani yake, donge linakamilika ndani ya dakika chache, na mwaka 2014 ikaonekana kwamba hata seli ikishakufa donge lake linabaki nje, linamezwa na makrofeji nyingine na kuendelea na kazi huko. Na IL-1β ni kali kweli, kiasi kidogo sana kinatosha kukupandisha homa na kuita jeshi zima la nyutrofili, seli nyeupe za mstari wa mbele, kutoka kwenye damu. Kitu cha namna hiyo huwezi kukiwekea breki moja ukaenda kulala. Mwili umeweka breki kila hatua, kuanzia kabla mtambo haujajengwa hadi baada ya moshi kutoka.

Breki ya kwanza ni ya kipumbavu kwa urahisi wake: vifaa havipo. Makrofeji iliyotulia ina NLRP3 kidogo, na IL-1β karibu hakuna kabisa hata ile iliyolala. Ili zitengenezwe lazima ije ishara ya kwanza, mfano kipande cha ukuta wa bakteria kikagusa kipokezi cha TLR4, ndo jeni zinafunguliwa. Bila hiyo hata ukiimwagia seli kristali haina cha kutoa. Na hapa ndo nyama choma inaingia kihalali. Mwaka 2010 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walionyesha kwamba kristali safi za yuriki peke yake haziziamshi seli za damu kutoa IL-1β ya maana, lakini ukiziweka pamoja na asidi ya mafuta, ile ya steariki inayopatikana kwenye mafuta ya nyama, IL-1β inamwagika. Yaani mtu anaweza kukaa na kristali kwenye dole gumba miezi na miezi bila habari, halafu mlo mmoja mzito unapandisha mafuta kwenye damu, hiyo ndo ishara ya kwanza, na kristali ambazo zilikuwepo siku zote zinakuwa ishara ya pili. Dole gumba lenyewe linachaguliwa kwa sababu liko mbali na joto la mwili, na yuriki inaganda haraka zaidi kwenye ubaridi.

Ishara ya pili nayo inahitaji maelezo kidogo, maana NLRP3 inawashwa na vitu visivyofanana hata kidogo. Kristali za yuriki, kristali za kolestero, vumbi la silika la wachimba migodi, asbesto, sumu za bakteria, hemozoini ambayo vimelea vya malaria vinaiacha baada ya kula damu. Protini moja itazitambuaje zote hizo? Haizitambui. Inachosoma ni usumbufu ndani ya seli yake yenyewe, na usumbufu unaojirudia karibu kila mara ni potasiamu kutoka. Ndani ya seli potasiamu iko kama 140 kwa kipimo cha milimola kwa lita, nje iko kama 4 au 5, kwa hiyo utando ukitobolewa au mlango fulani ukafunguka potasiamu inakimbia nje. Utafiti wa 2013 ulionyesha kwamba ukizuia potasiamu isitoke, vichocheo karibu vyote vinashindwa kuiwasha NLRP3. Maana yake pia ni kwamba potasiamu ikiwa tele ndani ya seli, hiyo tu ni breki, na inafanya kazi saa hii ndani yako bila wewe kufanya lolote.

Breki inayofuata iko kwenye NLRP3 yenyewe, nayo imefungwa pingu zaidi ya moja. Ikishatengenezwa inapachikwa vibandiko vya ubikwitini, vingine vinaifanya ishindwe kuungana, vingine vinaipeleka moja kwa moja kuvunjwavunjwa. Ili iwake lazima kimeng'enya BRCC3 kije kubandua. Upande wa fosfati ni hivyohivyo, kuna sehemu ikibandikwa fosfati na kimeng'enya JNK1 inakuwa tayari, na sehemu nyingine ikibandikwa na kingine, PKA, inazimika. Zaidi ya hapo, NLRP3 zisizofanya kazi hujipanga kumi kumi zikitengeneza kizimba, sehemu zao za kushikia ASC zikiwa zimefichwa ndani, na kukifungua kizimba hicho kunahitaji protini inayoitwa NEK7. Hii NEK7 mi naipenda sana kwa sababu ina kazi nyingine tofauti kabisa, inasaidia seli kujigawa, na haiko ya kutosha kazi zote mbili, kwa hiyo seli iliyoko katikati ya kujigawa haiwezi kuwasha inflamasomu hii. Nani angefikiria kuzuia moto namna hiyo?

Kuna pia usafi wa kawaida, seli inapokula mitokondria zake, vile vinu vyake vya nishati, zilizochakaa inaondoa vichocheo kabla havijaleta fujo, usafi huo ukikwama IL-1β inapanda.

Halafu zipo protini feki. Binadamu ana familia ndogo ya protini zinazoitwa POP, kila moja ni kipande tu cha kushikia, hakina mwili mwingine. Kinaenda kushika mahali ambapo ASC ilitakiwa kushikwa, basi mnyororo unakatika. Zipo na za aina ya pili, kama CARD16 na CARD18, zinazofanya ujanja huohuo mbele kidogo, kwenye kaspesi-1. Cha ajabu panya hana hizi, na karibu yote tunayoyajua kuhusu inflamasomu yametoka kwa panya, kwa hiyo ukisoma kichwa cha habari kwamba dawa fulani imeponya panya jua panya alikuwa anaendesha gari lenye breki pungufu.

Popo ndo kinyume chake. Kundi la Linfa Wang pale Singapore lilitaka kujua popo anabebaje virusi vinavyoua watu bila yeye kuugua, na 2019 wakaonyesha kwamba NLRP3 ya popo imefifishwa, haiitiki kwa nguvu. Mwaka 2023 wakaja na jambo zito zaidi: popo ana protini inayoitwa ASC2, nyingi na kali, inayokalia ASC isijenge donge. Wakaihamishia kwa panya, wakawaambukiza panya hao virusi vya mafua, inflamesheni, yaani ule moto na uvimbe wa kinga, ikapungua na wengi zaidi wakapona. Na hiyo ASC2 sisi pia tunayo, ndo POP1 ileile, ila ya kwetu ni dhaifu kwa sababu ya tofauti ya asidi amino chache tu. Popo waliochunguzwa si hawa wetu wa mapangoni, wale wala matunda wa Kitum kule mlima Elgon na wa pango la Python Uganda wanaobeba virusi vya Marburg, kwa hiyo siwezi kusema na hao wana ASC2 kali kiasi hicho, ila huwezi kuacha kujiuliza.

Tuseme breki zote hizo zimeshindwa na donge limejengeka. Hata hapo kaspesi-1 ina saa yake. Inapokuwa juu ya donge inafanya kazi, na inapofanya kazi inaendelea kujikata yenyewe, mkato wa mwisho unaiachanisha na donge na ikiachana haina nguvu tena. Hilo lilielezwa 2018, kabla ya hapo watu walidhani kile kipande kilichoachana ndo chenye kazi, vitabu vingi bado vimeandika hivyo. Mwaka huohuo ikaonekana kwamba matundu ya gasdemini nayo yanazibwa, mashine ya kurekebisha utando inayoitwa ESCRT inakimbilia palipotobolewa, inakata kipande kilichoharibika na kukitupa nje. Seli ikiwahi kuziba inaokoka, ikichelewa inapasuka.

IL-1β ikishatoka nje mambo hayajaisha bado. Mwili unatoa protini inayoitwa IL-1Ra ambayo inakaa kwenye kipokezi kilekile cha IL-1 na haifanyi kitu, imekaa tu, kiti kimejaa. Kwa kuwa IL-1 inahitaji vipokezi vichache sana kuleta kishindo, IL-1Ra lazima iwe nyingi kupita kiasi, zaidi ya mara mia, na ndivyo inavyomwagwa. Kuna na kipokezi cha bandia, IL-1R2, kinachoidaka IL-1 na kutopeleka ujumbe popote. IL-18 nayo ina mlinzi wake, IL-18BP. Umuhimu wa hawa walinzi wa nje unaonekana wanapokosekana. Mwaka 2009 walielezwa watoto wachanga waliozaliwa bila IL-1Ra, mifupa imevimba, ngozi imejaa usaha, wengine wakafariki, na waliopewa anakinra, ambayo ni IL-1Ra iliyotengenezwa kiwandani, walibadilika ndani ya siku chache. Na 2019 ikaandikwa habari ya binti wa miaka 11 aliyekufa kwa hepataitisi A, ugonjwa ambao huku kwetu watoto wengi wanaupata wadogo na kupona bila hata kujulikana. Virusi vyake havikuwa vya ajabu. Alikosa IL-18BP, basi IL-18 ikawasukuma askari wake mwenyewe wakalimaliza ini.

Sasa turudi kwenye dole gumba. Nyutrofili zilizoitwa na IL-1β zinafika kwa mamilioni, zinameza kristali, zinakufa, na zinapokufa zinatema DNA yao nje kama nyavu. Zikiwa chache nyavu hizo zinaongeza balaa, lakini zikishajaa zinashikamana kuwa bonge moja, kristali zikiwa zimefungwa humo, na vimeng'enya vilivyonaswa kwenye bonge vinaanza kukatakata IL-1β na sitokini zingine, yaani protini za ujumbe wa kinga. Hili lilitoka Erlangen, Ujerumani, 2014. Pembeni yake makrofeji zinazokula maiti za nyutrofili zinabadilika tabia na kutoa TGF-β, ambayo ni ya kutuliza, IL-1Ra nayo inapanda. Kwa hiyo kristali hazijaondoka kweli, zimefunikwa, na nyingine zinakaa hivyo kwa miaka mpaka zinaonekana kama vinundu vyeupe chini ya ngozi ya kidole au sikio ambavyo haviumi sana. Na hii ndo sababu kupona maumivu si kupona gauti. Asidi ya yuriki ikiendelea kuwa juu ya kama miligramu 6.8 kwa desilita kristali zinaongezeka tu chini kwa chini, hata kama mgonjwa anasema mbona niko fiti.

Kuna watu wanazaliwa breki yenyewe imekatika. Mwaka 1962 madaktari wawili, Muckle na Wells, walieleza familia moja ya Derbyshire, Uingereza, ambayo watu wake walikuwa na homa na vipele vya kujirudia, wakawa viziwi polepole, mwishowe figo zikaharibika. Jeni ilipatikana 2001 na ilikuwa NLRP3, imebadilika kidogo kiasi kwamba inawaka bila kungoja hatari. Wakipewa dawa ya kuzuia IL-1 homa inakata siku hiyohiyo au kesho yake, kwa ugonjwa uliokaa vizazi.

Lingine ni homa ya kifamilia ya Mediteranea, ipo sana kwa Waturuki, Waarmenia, Waarabu na Wayahudi, hivyo ndugu zetu wenye asili ya Uarabuni nao wanahusika. Hapa inflamasomu ni nyingine, pirini, na breki yake ni fosfati mbili zinazodumishwa na protini RhoA na vimeng'enya vyake. Bakteria wengi wanaishambulia RhoA, ikianguka fosfati zinatoka na pirini inawaka, yaani pirini haimtafuti mwizi, inangoja kuona kama mlinzi ameangushwa. Bakteria wa tauni, tauni ileile iliyosumbua Lushoto kuanzia 1980, amejifunza dawa ya hilo, anaingiza protini YopM inayorudisha fosfati na kuizima pirini kwa nguvu. Wenye mabadiliko ya jeni pirini yao haikubali kuzimwa kirahisi namna hiyo, na utafiti wa 2020 unaonyesha kwamba huenda hiyo ndo sababu jeni ilienea, mwenye nakala moja alikuwa na nafuu mbele ya tauni, mwenye mbili akalipa kwa homa maisha yote. Tukiishi na jeni ya selimundu na malaria hapa Afrika Mashariki hili halitushangazi.

Breki nyingine inayotuhusu moja kwa moja iko kwenye protini CARD8, inayowasha inflamasomu nyingine tena, ambayo inashikiliwa na protini DPP9 isiwake ovyo. Mwaka 2021 iligundulika kwamba kimeng'enya cha HIV, protisi, kinaikata CARD8 na kuiwasha, seli iliyoambukizwa ikajiua. Ila virusi vina ujanja, protisi huwa inaamka virusi vikishatoka nje ya seli, CARD8 haioni kitu. Efavirenzi, dawa ambayo mamilioni ya watu huku waliimeza kila usiku kabla ya dolutegraviri kuja, kwenye maabara na kwa dozi kubwa inaifanya protisi iamke mapema ndani ya seli, na seli inalipuka na virusi vyake. Watu wanaotafuta namna ya kufyeka HIV iliyojificha wamelishikilia hilo, bado halijawa tiba.

Ukishajua breki ziko wapi swali la dawa linakuja lenyewe, tukaze wapi? Kolkisini, dawa ya gauti, ni ya zamani kuliko elimu yote hii, inavuruga mirija midogo ya seli, kwa hiyo inawazuia nyutrofili kutembea na inasaidia kuizima pirini, ila umbali kati ya dozi ya kuponya na dozi ya kuua ni mdogo, mwenye figo mbovu asijinunulie dukani. Dawa nyingine, kanakinumabu, inaikamata IL-1β nje. Kwenye jaribio la CANTOS la 2017, watu 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo, dozi ya miligramu 150 kila miezi mitatu ilipunguza matukio ya moyo na kiharusi kwa asilimia 15 bila kugusa kolestero, matokeo makubwa kweli. Lakini vifo vya maambukizi viliongezeka, na jumla ya vifo vyote haikupungua. Dawa za kuifunga NLRP3 moja kwa moja ndo zinasukumwa sasa, ya kwanza maarufu, MCC950, ilisimamishwa kwa sababu ya madhara kwenye ini.

Kwa sisi huku hesabu ina kipengele cha ziada, nacho ni TB. Panya asiye na IL-1 akiambukizwa TB anakufa haraka, kwa hiyo IL-1 inahitajika. Lakini panya asiyeweza kutengeneza naitriki oksaidi, gesi ambayo pamoja na kazi zake zingine inajibandika kwenye NLRP3 na kuituliza, naye mapafu yake yanajaa nyutrofili na kuharibika, safari hii kwa sababu IL-1 imezidi. Kwa hiyo kabla ya kumwandikia mgonjwa dawa ya kuzuia IL-1, daktari anatakiwa kwanza ajue kama kuna TB imelala kwenye kifua chake.